Madhabahu Juu ya Soko: Uhakiki wa Masimulizi ya Kanisa Kuu la Mkunazini, Zanzibar

Ikisiri

Makala hii inahakiki masimulizi yanayolizunguka Kanisa Kuu la Kristo la Anglikana, Mkunazini, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar. Hoja kuu ni kwamba masimulizi hayo, ambayo hutolewa kwa wageni kama historia, yana muundo wa visakale na yanapaswa kuhakikiwa kama visakale. Masimulizi matano yanachambuliwa: madhabahu, nguzo zilizopinduliwa, saa ya mnara, msalaba wa Livingstone na vyumba vya chini ya ardhi. Makala inahitimisha kwamba kutenganisha kinachoonekana, kilichoandikwa na kinachosemekana hakuipunguzii uzito kumbukumbu ya utumwa, bali kunailinda.

1.0 Utangulizi

Mji Mkongwe una makanisa makuu mawili ya karne ya 19. La kwanza ni Kanisa Kuu la Kristo, ambalo wengi hulitaja kwa jina la mtaa wake, Mkunazini. La pili ni Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa na wamisionari Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu katika miaka ya 1890, na ambalo wenyeji wamelipa jina la Minara Miwili. Nje ya mji, Mbweni, kuna kanisa la Mtakatifu Yohana, lililojengwa kwa ajili ya makazi ya watu waliokombolewa utumwani.

Majina haya mawili ya kienyeji yanastahili kuangaliwa. Kanisa la Wakatoliki limepewa jina kutokana na umbo lake, kwani minara yake huonekana na msafiri aliye baharini kabla hajafika bandarini. Kanisa la Waanglikana limechukua jina la mahali, na mahali hapo pana habari yake. Kwa maneno mengine, Minara Miwili huonekana, Mkunazini husimuliwa. Mgeni anayeingia Mkunazini haachwi alitazame jengo peke yake. Huongozwa, huoneshwa na kuambiwa. Kwa sababu hiyo jengo hili ni matini ya aina mbili kwa wakati mmoja: matini ya mawe na matini ya mdomo. Makala hii inaishughulikia zaidi ile ya pili, kwa kuipima kwa ile ya kwanza.

2.0 Usuli

Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati (UMCA) iliundwa baada ya wito alioutoa David Livingstone katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1857. Baada ya jaribio la kwanza katika bonde la Mto Shire kushindwa, Askofu William Tozer alihamishia makao ya misheni Zanzibar mwaka 1864, akiwa pamoja na Edward Steere. Tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash bin Said alitia saini mkataba na Uingereza uliopiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari na kufunga masoko ya watumwa. Alifanya hivyo akiwa chini ya tishio la manowari za Uingereza kuzingira kisiwa. Sehemu ya kiwanja cha soko la Mkunazini ilinunuliwa na mmisionari Arthur West, na sehemu nyingine ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Senji. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka huohuo. Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya 1877, jengo likiwa bado halijakamilika.

Steere, aliyekuja kuwa askofu mwaka 1874, ndiye aliyesimamia ujenzi. Wanafunzi wa Kiswahili wanamjua kwa kazi nyingine: kitabu chake cha sarufi na mkusanyiko wake wa ngano za Zanzibar, vyote vya mwaka 1870. Alifariki mwaka 1882 na kuzikwa nyuma ya madhabahu. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba mtu aliyetumia miaka yake kuwasikiliza watambaji wa Unguja amegeuka, baada ya kufa, kuwa mhusika katika masimulizi ya Unguja.

3.0 Mkabala wa Uhakiki

Katika fasihi simulizi, kisakale ni masimulizi yanayohusu mahali au tukio linaloaminika kuwa lilitokea, yanayomtaja mhusika wa kihistoria, na ambayo husadikiwa na msimulizi pamoja na hadhira yake. Kisakale hutofautiana na ngano kwa jambo moja muhimu. Ngano hujitangaza. Mtambaji akisema "Paukwa" na hadhira ikaitikia "Pakawa", pande zote mbili zimekubaliana kwamba wanaingia katika ulimwengu wa kubuni. Kisakale hakina mlango wa namna hiyo. Huingia moja kwa moja katika mazungumzo, kikiwa kimevaa nguo za tarihi.

Kiswahili, hata hivyo, kina njia zake za kupima ukweli wa habari. Anayesema "yasemekana" hujitoa katika udhamini wa habari bila kuikanusha. Anayesema "eti" huitilia shaka waziwazi. Anayesema "imeandikwa" huelekeza kwenye ushahidi ulio nje yake. Maneno haya ni zana za uhakiki ambazo msemaji wa kawaida anazo kabla hajakutana na nadharia yoyote. Tatizo la masimulizi ya Mkunazini, kama yatakavyoonekana, ni kwamba katika utendaji wake wa kila siku mbele ya watalii zana hizo huwekwa kando. Kila kitu husemwa kwa sauti moja ya uhakika.

4.0 Uchambuzi

4.1 Madhabahu na mti wa viboko

Kisakale kikuu cha kanisa hili kinasema kwamba madhabahu yamesimama mahali palepale ulipokuwa mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa viboko ili wanunuzi wapime ustahimilivu wao. Sakafuni mbele ya madhabahu kuna duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu. Mwongozaji hulionesha na kueleza kuwa nyekundu ni damu.

Kisanaa, simulizi hili lina nguvu kubwa. Limejengwa juu ya ubadilishanaji ambao kila Mkristo anaufahamu: mti wa mateso unakuwa mahali pa wokovu, damu iliyomwagwa kwa biashara inajibiwa na damu inayokumbukwa katika ekaristi. Halihitaji maelezo marefu, kwa kuwa theolojia yake imo katika nafasi yenyewe. Asiyeguswa nalo atakuwa hakusikiliza.

Lakini nguvu hiyo ina gharama yake, nayo iko katika namna simulizi linavyoushughulikia wakati. Kwa kuweka madhabahu juu ya mti, kisakale kinaufanya mwaka 1873 kuwa mstari unaotenganisha giza na nuru: soko limefungwa, kanisa limeanza, utumwa umekwisha. Historia haikwenda hivyo. Mkataba wa 1873 uligusa masoko na usafirishaji wa baharini, haukugusa hali ya mtumwa aliyekuwa tayari shambani au nyumbani kwa bwana wake. Utumwa kama hali ya kisheria ulifutwa Zanzibar mwaka 1897, na masuria waliachwa nje ya sheria hiyo hadi mwaka 1909. Kwa hiyo kwa miaka 24 tangu jiwe la msingi liwekwe, kengele ya Mkunazini iliweza kusikika na watu ambao kisheria walikuwa mali ya watu wengine. Katika miaka hiyo mashamba ya karafuu yaliendelea kuvunwa, na karafuu ziliendelea kununuliwa na masoko ya ng'ambo. Simulizi la madhabahu halina nafasi ya miaka hiyo. Linampa msikilizaji mwisho kabla ya mwisho.

Mnara wa kumbukumbu ulioko uwanjani nje ya kanisa, kazi ya msanii wa Uswidi Clara Sörnäs ya mwaka 1998, unaweza kusomwa kama jibu kwa upungufu huo. Sanamu tano za watu zimesimama ndani ya shimo, minyororo ikiwa shingoni mwao. Hakuna madhabahu juu yao, hakuna anayewafungua, na nyuso zao haziahidi chochote. Mtazamaji huwaangalia kwa kuinamisha kichwa, tofauti na ndani ya kanisa ambako macho huinuliwa. Kazi hizi mbili, duara la ndani na shimo la nje, zinapingana kuhusu swali moja: je, jambo hili limekwisha? Ziara ya kawaida huzipitia zote mbili bila kulitaja pingamizi hilo, ilhali ndilo jambo zito kuliko yote yanayoonekana katika eneo hilo.

4.2 Nguzo zilizopinduliwa

Nyuma ya kanisa, karibu na mlango, kuna nguzo fupi ambazo zimesimamishwa kichwa chini. Yasemekana kwamba Askofu Steere alikuwa safarini mafundi walipozisimamisha, na aliporudi akaamua ziachwe zilivyo. Simulizi hili huwachekesha wageni. Kicheko hicho kinahitaji kuhakikiwa, kwa sababu kinamlenga fundi: hakujua juu ni wapi na chini ni wapi.

Mafundi wa pwani walikuwa warithi wa ufundi wa mawe ya matumbawe na chokaa wenye karne nyingi. Maandishi ya kibla cha msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Nyumba za Mji Mkongwe zenyewe ni ushahidi wa ustadi huo. Upana wa vyumba vyake ulipimwa kwa urefu wa boriti za mikoko, na ndiyo maana vyumba vingi ni virefu na vyembamba. Steere aliachana na kipimo hicho. Dari ya Mkunazini ni tao moja refu, lililomiminwa kwa mchanganyiko wa matumbawe na saruji, bila boriti za kulibeba. Mikono iliyoinua tao hilo haikuwa mikono ya wajinga. Iwapo nguzo zilisimamishwa kinyume, kilichokosekana si akili ya fundi bali msamiati wa umbo ambalo halikuwa la kwao. Nguzo ya Kizungu yenye kichwa na tako lake ni neno la lugha nyingine, na kulitamka vibaya neno la kigeni si kukosa lugha.

Usomaji mwingine unawezekana, nao ni wenye manufaa zaidi. Katika simulizi lenyewe, askofu hazipindui tena nguzo. Anaziacha. Jengo linabaki na sehemu moja ambayo mchoro wa mwenye kazi ulishindwa na mkono wa mfanya kazi. Hakuna sehemu nyingine ya kanisa ambayo masimulizi yanawapa mafundi nafasi ya kuwa wahusika. Steere anatajwa kila mara kuwa ndiye aliyejenga, kana kwamba alichanganya chokaa mwenyewe. Ni katika kosa tu ndipo wajenzi wanaonekana. Mhakiki anaweza basi kuzisoma nguzo hizi kama saini: alama pekee ambayo watu wasioandikwa popote waliiacha mahali ambapo kila mgeni huoneshwa. Kisakale kilichokusudiwa kuwacheka kimewahifadhi.

4.3 Saa ya mnara

Kisakale cha tatu hakihitaji maelezo mengi. Yasemekana kwamba saa ya mnara ilikuwa zawadi ya Sultani Barghash, na kwamba aliitoa kwa sharti kuwa mnara wa kanisa usizidi kimo cha jumba lake la Beit al-Ajaib. Zawadi yenyewe inawezekana. Sharti ndilo linaloleta shaka, kwa kuwa Beit al-Ajaib lilijengwa mwaka 1883, miaka 10 baada ya jiwe la msingi la kanisa na mwaka mmoja baada ya kifo cha Steere. Lakini hata kama tarehe zinakilemea, kisakale kina maana. Kinamwonesha mtawala Mwislamu ambaye hazuii kanisa na analichangia, ila analiwekea mpaka. Ni picha ya ujirani wenye vipimo, na wakazi wengi wa mji huu watautambua ujirani huo. Ukiwekwa pamoja na kiwanja kilichotolewa na Jairam Senji, unapinga usimulizi rahisi unaoligeuza kanisa kuwa ushindi wa dini moja juu ya nyingine.

4.4 Msalaba wa Livingstone na waliombeba

Ndani ya kanisa umetundikwa msalaba wa mbao unaosemekana kuchongwa kutokana na mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone, katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, alikofariki mwaka 1873. Kimojawapo cha vioo vya rangi kimewekwa kwa kumbukumbu yake. Msalaba huu huhitimisha ziara nyingi, na jina linalobaki masikioni mwa mgeni ni Livingstone.

Kifaa hiki, hata hivyo, kimebeba hadithi ya watu wengine. Moyo ulizikwa na watu waliokuwa wakisafiri na Livingstone, nao ndio walioukausha mwili wake na kuubeba hadi Bagamoyo, walikofika mwanzoni mwa 1874. Wawili kati yao, Abdullah Susi na James Chuma, walirejea Zanzibar. Chuma alifariki mwaka 1882, mwaka uleule aliofariki Steere. Susi alibatizwa Zanzibar mwaka 1886 na akafariki 1891. Msalaba usingekuwapo kama hawa hawakuzika. Kuusimulia bila wao ni kutaja mzigo na kumsahau mchukuzi.

Hali ni hiyohiyo kwa historia ya misheni yenyewe. Mwaka 1864 Askofu Tozer alikabidhiwa wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, alipewa upadre mwaka 1890, akiwa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kufikia daraja hilo, kisha akafanya kazi kwa Wayao kusini mwa Tanzania ya leo. Mwaka 1876 Steere aliongoza msafara wa watu waliokombolewa uliofika Masasi na kuanzisha makazi huko. Kwa watu hawa, kanisa halikuwa ishara ya mwisho wa utumwa. Lilikuwa mahali pa kuanza maisha, kwa jina jipya na mara nyingi bila ukoo. Masimulizi yanayozoeleka yana mtumwa asiye na jina anayechapwa, na mmisionari mwenye jina anayemkomboa. Mtu wa tatu, yaani mtumwa wa jana mwenye jina lake, aliyesoma, aliyeoa, aliyehubiri, aliyekosana na wakubwa wake na kuendelea, hana kisakale. Huo ni upungufu wa kisanaa kabla ya kuwa upungufu wa kihistoria, kwa maana umeinyima hadithi mhusika wake bora.

4.5 Vyumba vya chini

Kisakale cha mwisho ndicho chenye hatari zaidi. Katika jengo jirani la misheni wageni huteremshwa katika vyumba viwili vya chini, vyenye dari fupi na matundu membamba ya hewa, na kuelezwa kwamba humo ndimo watumwa walimofungiwa wakisubiri kunadiwa. Hisia anazopata mtu akiwa ameinama gizani ni za kweli. Lakini jengo lililo juu ya vyumba hivyo lilijengwa na misheni kwa ajili ya hospitali, baada ya soko kufungwa, na ndiyo maana wapo wanahistoria waliotilia shaka maelezo hayo.

Inaweza kudaiwa kwamba jambo hili ni dogo. Watumwa walifungiwa mahali fulani. Kama si hapa, ni kwingineko. Hoja hiyo ina huruma, ila haina kinga. Zanzibar ni mahali ambapo historia ya utumwa bado ina ubishi. Kwa baadhi ya watu, kuitaja ni kuwashutumu jamaa na dini zao. Kwa wengine, kutoitaja ni kuwazika babu zao mara ya pili. Katika ubishi wa namna hiyo, ushahidi mmoja dhaifu hutumiwa kuangusha ushahidi wote. Atakayethibitisha kwamba vyumba vilikuwa ghala atapata nafasi ya kusema kwamba soko pia lilikuwa uzushi, ilhali soko limethibitishwa na mkataba, na watu waliouzwa humo ni wa kweli. Kumbukumbu ya mateso haipaswi kutegemea kuta ambazo haziwezi kuibeba.

Maonyesho ya historia ya biashara ya utumwa yaliyofunguliwa mwaka 2016 katika eneo hilohilo ni hatua muhimu, kwa kuwa yanampa mgeni maandishi na muktadha kabla ya kumpa giza. Yanabadilisha mpangilio wa utendaji: maarifa kwanza, hisia baadaye. Hata hivyo maandishi ukutani hayawezi kushindana na sauti ya mtu aliye karibu. Mageuzi ya kweli yatatoka katika mdomo wa mwongozaji.

5.0 Hitimisho

Uhakiki huu haukukusudia kuvunja visakale vya Mkunazini. Mahali pasipo na masimulizi hufa, na kanisa hili liko hai kwa kiasi kikubwa kwa sababu watu wana la kusema wakilitazama. Kilichooneshwa ni kwamba kila kisakale kina kazi yake. Cha madhabahu kinafariji, cha nguzo kinachekesha na kuhifadhi, cha saa kinapatanisha, cha msalaba kinatukuza, na cha vyumba kinatisha. Kazi hizo ni halali pale msikilizaji anapojua kwamba ndizo anazofanyiwa.

Dawa iliyopendekezwa si ngumu, wala haitoki mbali. Mwongozaji anayesema "duara hili mnaliona, mkataba ule umeandikwa, na mti wa viboko yasemekana ulikuwa hapa" hajampunguzia mgeni chochote. Amempa mambo matatu badala ya moja, na amemheshimu. Akiongeza kwamba waliomzika Livingstone waliitwa Susi na Chuma, na kwamba mtoto aliyewahi kuwa mtumwa alivaa joho la upadre mwaka 1890, atakuwa ameipa hadithi watu wake. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu masimulizi ya Kanisa la Mbweni na makaburi yake, kwa kuwa huko ndiko walikoishi wengi wa wale ambao Mkunazini inawataja bila kuwaita kwa majina.